Mintarafu: Kuomba Kivuko

Timbwani, Likoni
14 Januari 2025

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Barabara,
Changamwe.

MINT: KUOMBA KIVUKO, LIKONI

Bwana Mkuu,

Assalaam aleikum, na kama wewe si Muislamu, basi hujambo. Binti yangu Swabra aniambia barua ya serikali haianzi kwa salamu. Mimi nimemwambia sijui kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi.

Naitwa Mwanatabu binti Sharif. Nauza mahamri na mbaazi pale kituoni Kwa Tsuma, kando ya barabara kuu ya kwenda Kusini, na mwaka huu ni wa kumi na tisa. Barabara hii nimeiona ikizeeka huku nami nazeeka. Tulikuwa tukiiita Barabara ya Mashimo, na yalikuwa mashimo kweli, si mchezo. Lile la mbele ya kibanda cha Tsuma mziba pancha, mvua ikinyesha bata walikuwa wakioga ndani yake. Tukilalamika kila siku, tukisema serikali imetusahau. Basi mwezi wa Novemba mkaja, mkamwaga lami mpya wiki mbili, mkasimamisha na kibao chenye jina refu ambalo mpaka leo sijasikia mtu akilitaja. Ahsanteni. Lakini tangu siku hiyo hatuna raha.

Kumbe yale mashimo ndiyo yaliyokuwa yakitulinda. Gari likifika Kwa Tsuma lilikuwa halina budi kutambaa. Sasa gari zapita kama zafukuzwa. Na ile milia myeupe ya kuvukia, iliyokuwa imebaki kidogo tu ya kuonekana, pamoja na matuta mawili, vyote mmevifunika. Skuli iko upande wa chini, nyumba ziko upande wa juu. Watoto zaidi ya mia mbili wavuka pale kila asubuhi. Mmoja wao ni mjukuu wangu Asmaa, binti wa Swabra, ana miaka minane na hasikii akiambiwa asikimbie.

Twaomba kivuko chetu. Milia na matuta mawili, kama vilivyokuwa. Hatuombi daraja.

Barua hii ataileta Swabra mwenyewe. Afanya kazi kiwandani huko huko Changamwe, na ofisi yenu iko njiani mwake.

Mwanatabu binti Sharif


Ofisi ya Barabara,
Changamwe
24 Januari 2025

Kwa Bi. Mwanatabu binti Sharif,
Likoni.

MINT: KIVUKO, LIKONI

Barua yako ya tarehe 14 Januari 2025 imepokelewa na inashughulikiwa. Utajulishwa ipasavyo.

Lenox Amukoya
Karani wa Masjala
Kwa niaba ya Mkuu wa Ofisi


Timbwani, Likoni
3 Machi 2025

Bwana Lenox,

Ramadhani karim. Nakuandikia wewe moja kwa moja, maana Swabra aniambia wewe ndiwe upokeaye barua pale dirishani, kijana mrefu wa bara mwenye adabu, na kwamba umemwita "madam". Tulicheka mpaka machozi. Mtu aamka saa kumi alfajiri kwenda kushona mifuko ya suruali, leo ni madam!

Barua yako ilitufurahisha. Niliwasomea kina mama wote pale kituoni, na lile neno "inashughulikiwa" nililisoma mara mbili. Tena ilikuja wakati wake. Tsuma alikuwa ameshakusanya mawe, udongo na magurudumu mabovu ajenge tuta lake mwenyewe katikati ya lami. Nikamwambia, "Ebo! Hebu tulia. Serikali imeshashika kalamu. Ukiweka tuta lako utashikwa, na wao watasema hawa tayari wana lao." Akanuna, lakini akayarudisha mawe yake, kwa kuwa mwenye barua ni mimi.

Sasa ni wiki saba. Watoto wasubiri kuvuka mpaka wachoke, kisha wakurupuka wote pamoja, na moyo wangu waruka nao. Mimi siwezi kuwavusha, niko motoni na karai la mafuta. Basi tukumbuke, mwanangu.

Asmaa amefunga leo. Alifunga mpaka saa sita, kisha nikamkuta jikoni na hamri mkononi, ati alikuwa akiliangalia tu.

Nimekufungia mahamri manane. Kama hufungi, kula. Kama wafunga, ngoja magharibi.

Bi Mwanatabu


Changamwe
10 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Asante sana kwa mahamri. Mimi sifungi, kwa hivyo niliyafungua hapo hapo, na kosa langu likawa kuyafungua mbele ya wenzangu. Nilibakiwa na moja. Kule kwetu Kakamega tunakula mandazi, lakini sasa nimeelewa kwamba hayo ni mkate tu uliokaangwa.

Kuhusu kivuko, usiwe na wasiwasi. Barua yenu imewekwa kwenye faili pamoja na nyingine za kivuko, na si nyinyi peke yenu mnaolalamika. Hata mimi, nilipohamishiwa hapa mwezi wa Oktoba, nilivuka Likoni asubuhi moja nikaona vile watu wanasukumana. Nilishika begi langu kwa mikono miwili. Ni jambo linalogusa ofisi nyingi, ndiyo maana linachukua muda. Kwa sasa waambieni watoto wasikimbie wakati wa kupanda na kushuka.

Msalimie Asmaa na umwambie hamri haliangaliwi.

Lenox Amukoya


Timbwani, Likoni
2 Aprili 2025

Lenox mwanangu,

Marahaba. Idi imepita salama, na Swabra atakuletea sahani ya biriani ukae ule peke yako, usiwaonyeshe wale wenzako.

Ulivyosema juu ya kupanda na kushuka sikufahamu sawasawa. Sisi hatupandi kitu, twavuka kwa miguu. Lakini niliwaambia watoto hivyo hivyo ulivyoandika, nikaona labda ndiyo lugha ya ofisi. Na umesema wengine pia walalamika. Wallahi nilifurahi. Nilidhani ni sisi peke yetu tuliosahauliwa.

Asmaa ataka kukuandikia, ameninyang'anya kalamu.

*Hujambo mjomba Lenox. Mimi ni Asmaa niko gredi ya tatu. Bibi asema utatuletea milia. Unajua kuchora milia? Mimi najua. Nyeupe halafu nyeusi halafu nyeupe.*

Basi, huyo ndiye. Tukumbuke.

Bi Mwanatabu


Changamwe
11 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Biriani sikuwaonyesha. Asante.

Mambo yako yanaendelea vizuri, faili liko mahali pake. Mwambie Asmaa kwamba mimi sijui kuchora punda milia, kila mara anatoka kama mbuzi mwenye fulana, lakini nitajifunza kabla hajamaliza gredi ya tatu.

Lenox


Timbwani, Likoni
14 Mei 2025

Lenox mwanangu,

Asmaa amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi, hapo hapo Kwa Tsuma. Nilikuwa na kijiti cha kugeuzia mahamri mkononi. Nilimuona. Alinitazama mimi kwanza, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama nilivyomfundisha. Kulia mara ya pili hakutazama, kwa sababu mwenzake alimwita.

Dereva alisimama mbele huko, akarudi kwa miguu akilia, kijana tu. Akasema, "Mama, sikujua kama watu wanavuka hapa. Hakuna alama." Watu walitaka kumpiga. Mimi nilisema mwacheni, maana hakusema uwongo, alama haikuwapo.

Tulimzika siku ile ile alasiri. Viatu vyake vya skuli, kimoja kilipatikana, cha pili bado nakitafuta.

Swabra amerudi kazini leo, ruhusa yake imekwisha. Yeye ndiye atakayekupa barua hii dirishani. Tafadhali usimuulize kitu, na usimpe pole, ataanguka mbele za watu. Pokea tu kama siku zote.

Sikulaumu, mwanangu. Wewe ulitujibu, na wengi hawajibu. Nataka kujua neno moja, nilale. Faili letu lilikuwa limefika wapi?

Mwanatabu


Changamwe
19 Mei 2025

Mama yangu,

Sijui kuandika barua kama hii. Nimeanza mara nyingi tangu Jumatano nikachana. Pole. Pole sana. Swabra alinipa bahasha akasema "asante", nami nikafanya kama ulivyoniambia.

Umeuliza kuhusu faili. Lilikuwa kwa mhandisi. Lilikuwa linasubiri zamu yake. Kazi ni nyingi na barabara ni nyingi. Kama lingepata wiki chache zaidi lingefikiwa.

Jana nilikuja. Nilishuka Kwa Tsuma nikasimama upande wa juu kama nusu saa. Meza yako ilikuwepo lakini wewe hukuwepo. Nilijaribu kuvuka nikashindwa mara tatu, nikarudi nyumbani bila kuvuka. Nimemwambia mhandisi kwamba pale hapangoji tena, na naahidi sitamwacha.

Lenox


Timbwani, Likoni
20 Juni 2025

Mwanangu Lenox,

Arubaini tumeisoma Jumapili. Ahsante kwa sukari na mchele uliompa Swabra.

Nilikuwa sitaki kuandika tena, lakini kuna neno lanikaa kooni na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Makondakta wamepabadilisha jina pale. Hawasemi tena Kwa Tsuma. Wasema Kwa Mtoto. "Kwa Mtoto, washukao Kwa Mtoto!" Tena hawana ubaya, ndivyo vituo vyetu hupata majina, mtu akiwa na duka, kitaitwa dukani kwake, akiwa na kisima, kitaitwa kisimani. Wenyewe wafikiri wamempa heshima. Juzi Swabra alikuwa ndani ya gari akitoka kazini. Kondakta akampigia kelele, "Mama, si washuka Kwa Mtoto wewe?" Hakushuka, akapitishwa vituo viwili, akarudi kwa miguu gizani.

Watu wote waniambia ni kadari, na mimi naikubali. Lakini kadari haikuniandikia "inashughulikiwa".

Nisikilize, Lenox. Tsuma alikuwa na mawe yake tayari. Ni mimi niliyemzuia. Tuta lile lingekuwapo tangu Januari, baya, la udongo na magurudumu mabovu, na gari lile lingepunguza mwendo. Nilisimama pale na karatasi yako mkononi nikajifanya msomi, nikawanyamazisha watu wote. Tsuma hajanitia neno hata moja, na afadhali angenitukana. Kila nikifumba macho naona yale mawe. Nimemuua mjukuu wangu kwa kiherehere, na mamake hajui, apika uji anipe, aniambia, "Mama, kula kidogo."

Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Niombee kwa Mungu wako pia.

Mama yako,
Mwanatabu


Changamwe
7 Julai 2025

Mama,

Tafadhali kaa chini kabla ya kusoma. Na kama Swabra yuko karibu, ngoja aondoke.

Nilikudanganya. Faili lako halikuwa kwa mhandisi. Halikufika kwake siku hata moja. Barua yako ya Januari haikusomwa na mtu yeyote katika ofisi hii mpaka siku uliponiletea habari za Asmaa, na aliyesababisha ni mimi.

Kazi ya masjala ni hivi. Barua zinaingia sitini, sabini kwa siku. Karani hasomi barua, anasoma kichwa, ile MINT, anapiga muhuri, anatia kwenye faili linalofanana na kichwa. Kichwa chako kilisema KUOMBA KIVUKO, LIKONI. Mimi nilikuwa nimekaa Mombasa miezi mitatu. Kivuko nilichokijua mimi ni feri. Likoni niliyoijua ni feri. Tuna faili moja la barabara za kuingilia feri, watu wanaolalamikia foleni na msongamano, na kazi ya faili lile ni kungojea ofisi nyingine. Nikakuweka humo. Mahali pa kuvukia barabara, mimi nimezoea kusema zebra. Sikujua kwamba kwenu nacho ni kivuko. Na kama ningesoma mistari miwili tu ya chini ningejua.

Uliniandikia "twavuka kwa miguu", nikafikiri ni abiria wa miguu. Asmaa aliniuliza kama najua kuchora milia, nikacheka, nikamjibu habari za punda. Mtoto wa gredi ya tatu aliniambia kwa maandishi yake mwenyewe kitu mnachohitaji, nyeupe na nyeusi na nyeupe, na mimi nikaona nimepata mzaha.

Kuna jingine, na hili ndilo silali kwa ajili yake. Tarehe kumi na mbili Februari gari letu la rangi lilipita barabara hiyo. Vijana walikuwa na orodha ya vivuko vinne, imetolewa kwenye faili la alama za barabara, ambalo ndilo ungekuwa ndani yake. Walipita Kwa Tsuma. Walichora kilomita moja mbele yenu, wakarudi na ndoo mbili za rangi zimebaki. Nimeiona hati ya stoo. Kwenye mchoro wa zamani wa barabara hapo kwenu hapana hata jina, pana umbali tu, kilomita sita na mita mia tatu, na pembeni pameandikwa "mashamba". Kwa hivyo hakuna aliyewaambia wasimame.

Nilipogundua nilimwendea mkuu wangu. Aliniambia mambo kama haya hutokea, nitoe barua kwenye faili lile, niitie kwenye jingine, ninyamaze. Nikanyamaza, na nikakuandikia ule uwongo. Ningeendelea kunyamaza. Lakini siwezi kukuacha ubebe yale mawe ya Tsuma. Hukumuua wewe, Mama. Uliamini karatasi yenye muhuri, na muhuri ule niliupiga mimi. Ijumaa nimeandika haya yote kwenye faili, nimetia sahihi, nimelipeleka kwa mhandisi mwenyewe.

Barua hii nimempa Swabra. Alinishukuru kwa kuwafariji.

Lenox


Timbwani, Likoni
30 Julai 2025

Lenox Amukoya,

Barua hii naileta mwenyewe. Utakapoifungua, jua kwamba yule mama mfupi mwenye buibui aliyekupa bahasha asiseme neno ni mimi. Nataka nikuone uso mara moja tu. Na kichwa cha barua sikuandika, ili ulazimike kusoma.

Wiki tatu sikuweza kushika kalamu. Nimekulisha. Nimekutilia biriani sahani ya wageni. Nilikuita mwanangu, nikakwambia siri ambayo sikumwambia binti yangu niliyemzaa, nawe wakati wote ulikuwa ukijua. Mwezi wa Mei ulijua! Ukaniacha nijichome mpaka Julai, huku waniletea sukari ya arubaini.

Ati sitini, sabini kwa siku. Mimi huuza mahamri mia mbili kwa siku, na kila hamri naligeuza.

Waniambia mawe si yangu. Umeyatoa mgongoni kwangu, kweli, lakini umeyaweka wapi? Zamani nilikuwa na mtu wa kulaumu karibu, mimi mwenyewe, nilimjua. Sasa nimlaumu nani? Neno? Kivuko ni kivuko, tangu mababu zetu, pa kuvukia maji ni kivuko na pa kuvukia njia ni kivuko, hakuna mtoto wa Likoni asiyejua. Na yule aliyeandika "mashamba", hakuwaona watu? Sisi tulikuwapo. Babangu alikuwapo, na minazi yake, na wanawe tisa.

Swabra sijamwambia. Barua yako nimeificha. Akijua kwamba ile ya kwanza, aliyoileta yeye kwa mkono wake, wewe uliipokea ukimwita madam usiisome, atakufa nimzike na yeye.

Usiniite mama. Usiniandikie tena.

Mwanatabu binti Sharif


Ofisi ya Barabara,
Changamwe
6 Oktoba 2025

Kwa Bi. Mwanatabu binti Sharif,
Likoni.

MINT: KUCHORWA KWA MILIA YA WAENDAO KWA MIGUU NA KUJENGWA KWA MATUTA MAWILI KATIKA BARABARA KUU YA KUSINI, MBELE YA KIBANDA CHA KUZIBA PANCHA, TIMBWANI, LIKONI

Ulinikataza kuandika, nami nimejizuia miezi miwili. Hii ni barua ya kazi.

Sipo tena masjala. Nimehamishiwa stoo, na rangi hutoka kwa mkono wangu. Kazi itaanza kwenu Jumanne tarehe 21 Oktoba na kumalizika Jumamosi tarehe 25. Nimetoa ndoo sita, ingawa fomu inataka nne, na nimewaambia wapake mara mbili.

Fomu ya kutoa rangi ina nafasi ya jina la mahali, na jina litakaloandikwa hapo ndilo litakaloingia kwenye mchoro mpya na kwenye kibao. Makondakta wanapaita "Kwa Mtoto". Mhandisi anapendekeza "Kivuko cha Asmaa", na yuko tayari kuja na wakubwa, pakatwe utepe na wewe na Swabra mkae mbele. Mimi nimeacha nafasi hiyo wazi. Nitaandika utakachosema wewe, na usiposema nitaiacha hivyo hivyo.

Lenox Amukoya
Karani wa Stoo


Timbwani, Likoni
13 Oktoba 2025

Lenox,

Andika Kwa Tsuma, kama palivyokuwa. Tsuma yuko hai, akiitwa huitika.

Mjukuu wangu si mahali pa kushukia. Sitaki aitwe na kila mwenye nauli. Sitaki siku kibao kianguke watu wakanyage jina lake, wala sitaki miaka kumi ijayo msichana amwambie mwenziwe, "Tukutane kwa Asmaa," wala hajui ni nani. Jina lake liko kwenye jiwe lake, na mimi na mamake twamtosha kumtaja.

Na utepe wakate kwao.

Mwanatabu binti Sharif


Timbwani, Likoni
27 Oktoba 2025

Lenox,

Barua hii naituma kwa posta. Swabra bado hajui. Juzi aliniuliza, "Mama, yule Lenox yuko wapi siku hizi? Dirishani kuna mwingine." Nikamwambia umehamishwa. Akasema masikini, alikuwa mtu mzuri. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sijakusamehe. Najaribu nikisali, nafika mahali nakwama. Labda siku moja Mungu atanivusha, labda nitakufa nimekwama. Lakini leo limenipata jambo, na nikiangalia duniani sioni mwingine wa kumwambia ila wewe, maana ni mimi na wewe tu tunaolijua lote. Hilo nalo laniuma.

Wamemaliza Jumamosi. Milia ni myeupe mpaka yaumiza macho, na matuta ni mawili. Leo asubuhi niliacha karai, nikamwambia jirani aniangalizie moto, nikaenda nikasimama pembeni. Sikuwa na safari yoyote upande wa chini, nilitaka kujaribu tu. Nikatia mguu mmoja kwenye mlia wa kwanza.

Lori likasimama. Lori la kokoto, Lenox, limejaa pomoni. Likapunguza kwenye tuta, likanesa kidogo, likasimama kabisa mbele yangu. Dereva hakukunja uso. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha chai, akanipungia kwa ule mwingine, pita mama. Gari la nyuma yake nalo likasimama. Upande wa pili nako wakasimama. Hapana aliyepiga honi.

Nilifika katikati nikashindwa kwenda mbele. Nilisimama pale na kanga yangu mdomoni, na wote wakaningoja, yule dereva akinywa chai yake, mpaka Tsuma alipokuja akanishika mkono akanivusha.

Mimi nilidhani kumsimamisha mtu mwenye gari ni jambo kubwa, jambo la wahandisi na mafaili na miezi. Alikanyaga breki tu, akasimama.

Mwanatabu